Pete ya Portia na Mgolole wa Baba Mkwe

Nilipokuwa nikifundisha kauli za vitenzi, sikuwahi kumaliza kipindi cha kitenzi "oa" bila darasa kugawanyika pande mbili. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, wazazi huoza, na wawili hao wakishakaa chini ya paa moja huambiwa wameoana. Wasichana waliuliza kwa nini kauli ya kutendwa iwe yao daima. Wavulana wakapiga madawati kwa furaha. Msichana mmoja, aliyeketi karibu na dirisha lielekealo mlima Loleza, akauliza, "Mwalimu, ikiwa yeye anaoa na mimi naolewa, huko kuoana kunatokea saa ngapi?" Nilimjibu kwamba kengele imekaribia na tutalijadili kipindi kijacho. Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka mitatu ndani ya ndoa, na jibu sikuwa nalo.

Fasihi yetu haikunyamaza juu ya mume na mke. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858, na tangu hapo wasomaji hawajaacha kubishana kama ndani yake mna utii mtupu au mna hila ya mama anayemfundisha mwanawe jinsi ya kuishi na mwenye nguvu. Mathias Mnyampala alitupa ngonjera, na shuleni kwetu hakuna sherehe iliyopita bila mvulana na msichana kusimama uwanjani wakitupiana beti. Penina Muhando aliandika Talaka si Mke Wangu mwaka 1976. Lakini nilipotafuta rafuni futuhi ya watu waliokwisha kuoana, kitabu ambamo mume na mke wanapigana kwa maneno na msomaji anacheka huku akijitambua, nilikuta pengo. Hadithi zetu nyingi za mapenzi huishia mlangoni pa harusi, kana kwamba baada ya pilau hakuna tena la kusimulia.

Pengo hilo, kwa upande wangu, lilizibwa na Mwalimu Nyerere. Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na watu wengi hudhani jina lile ni siasa tupu. Ni siasa, ndiyo, maana mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare amegeuzwa kuwa mabepari wengi. Lakini neno "bepari" lenyewe lilitujia kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu, kabla ya kubebeshwa mzigo wa ubepari. Mtafsiri alichukua neno lenye maana mbili akaiacha ya zamani imtazame ya sasa. Na aliifanya kazi hiyo katika mistari isiyofungwa kwa vina, wakati ambapo wengine wetu tulikuwa bado tukiaminishwa kwamba pasipo vina hapana shairi.

Walimu wengi hufundisha kesi ya Shylock na ile ratili ya nyama, kisha wakasema kitabu kimekwisha. Sehemu ya tano huachwa mwanafunzi ajisomee. Nami nasema sehemu ile ndiyo tamu. Portia amempa mumewe Bassanio pete, akamwapisha asiivue. Kisha anajigeuza mwanasheria kijana, anamwokoa Antonio, rafiki wa mumewe, na anapoulizwa ujira wake anaomba pete ile ile. Bassanio anakataa. Antonio anamsihi: mpe, kwani huduma yake kwangu haina thamani mbele ya amri ya mkeo? Bassanio analegea, na pete inapelekwa mbio. Usiku ule nyumbani, Portia anauliza pete iko wapi huku anayo yeye mwenyewe. Anamwacha mumewe ajieleze na kujikanyaga, anatishia kuwa mkarimu kwa mwanasheria yule kama mumewe alivyokuwa, na mwishowe pete inarudi kwa mkono wa Antonio, yaani yule yule aliyesababisha itolewe. Ni hukumu nadhifu kuliko ile ya mahakamani.

Mwaka 1987, katika shule moja ya sekondari mkoani Mbeya, niliiandaa tamthilia hii pamoja na kidato cha tatu. Muhula mzima niliwaeleza vijana kwamba kosa la Bassanio si kupoteza dhahabu, bali kutoa kitu cha watu wawili kwa uamuzi wa mmoja. Niliieleza vizuri. Bado ninayo madaftari ya maandalio, na hoja ile imepigiwa mstari mara mbili.

Maleba tuliyakusanya majumbani mwetu, kwani hata shuka la kawaida wakati ule lilikuwa adimu madukani. Liwali wa Venisi alihitaji joho, nami nikaazima mgolole uliokuwa sandukuni kwetu. Kwa msomaji asiyeufahamu, mgolole ni lile shuka jeusi zito ambalo wazee wa Kihehe hulitupia begani. Huu alinipa baba mkwe mwaka 1984, siku nilipomchukua binti yake kutoka Kalenga. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, na mke wangu nilimpata Iringa nilipokuwa nikisomea ualimu Chuo cha Kleruu. Mzee aliuvua begani kwake mbele ya ukoo, akanivika, akasema kwamba sasa nitajua baridi ya kwao na joto la kwao. Sikumwelewa. Nilishukuru kwa sababu ulikuwa mwezi wa saba na nilikuwa natetemeka.

Onyesho lilifanikiwa. Liwali wetu alitembea jukwaani kwa madaha hata wazazi wakampigia vigelegele. Mgeni rasmi, afisa mmoja aliyetoka mjini, aliinuka mwishoni akasifu Kiswahili cha vijana, kisha akaushika mgolole na kusema kwamba tangu utotoni hajapata kuona uliofumwa vizuri namna ile. Mwalimu mwenzangu, rafiki wa chanda na pete, akaninong'oneza: "Mpe mgeni. Majina ya kupanda daraja yanapita mezani kwake." Nikaukunja mgolole mara nne, nikampa kwa mikono miwili, na ukumbi ukashangilia. Mke wangu alikuwa ameketi safu ya tatu.

Hapo dakika ishirini zilikuwa hazijapita tangu Bassanio wangu asimame pale pale akitafuta maneno mbele ya Portia.

Nyumbani hakugomba. Alipika, tukala. Asubuhi ya tatu alisema anakwenda kwao kuwasaidia kuvuna mahindi, akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka. Mavuno ya Iringa nayajua, hayachukui wiki saba. Nilimpelekea barua mbili. Zilijibiwa na shemeji yangu, kwa adabu, juu ya hali ya hewa.

Mwishoni nilimtafuta mshenga wetu, tukapanda basi. Yeyote aliyewahi kusafiri barabara ile, Uyole, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, hadi basi literemke Ipogolo na kuanza kupanda kilima cha Iringa, anajua kwamba ni ndefu ya kumtosha mtu kutunga utetezi. Nilitunga tatu. Wa kwanza ulihusu ukarimu wa Mwafrika kwa mgeni. Wa pili ulihusu mshahara. Wa tatu siukumbuki, ila mshenga aliusikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza kama nina njaa.

Kwetu Unyakyusa mkwe wa kike humkwepa baba wa mumewe hata njiani, na katika safari ile nilitamani mila hiyo ingekuwa pia ya wakwe wa kiume. Tulimkuta mzee ameketi mbele ya nyumba, juani. Begani alikuwa na mgolole. Niliutambua kwa kiraka kidogo cha pembeni alichokishona mke wangu kwa uzi wa kahawia.

"Kamwene, mkwe wangu," akasema. "Umesafiri na baridi yote hii bila cha kujifunika?"

Mshenga akainama chini kama mtu anayetafuta sindano. Nami nikasimama pale, mwalimu wa Kiswahili, nisiwe na kitenzi hata kimoja.

Baadaye nilipata habari kamili. Siku ile ya kuondoka mke wangu hakwenda stendi moja kwa moja. Alikwenda kwanza nyumbani kwa yule afisa, akamkuta mkewe, wakakaa jikoni wakanywa chai. Hakulia wala kulalamika. Alieleza tu mgolole ule ni wa nani na ulitolewaje. Mama yule akafungua kabati, akautoa, akasema, "Huyu wangu ana makoti matatu. Chukua nguo ya baba yako, dada." Nilikuja kusikia kwamba bwana mkubwa aliutafuta mgolole wake kwa wiki mbili, akiwashuku watumishi, na mkewe akamsaidia kuutafuta.

Mwaka 2012 kundi la Bitter Pill la Kenya lilipoicheza kwa Kiswahili, kwenye jukwaa la Globe mjini London, ile futuhi ya Shakespeare ya wake wawili wa Windsor, na mshairi wetu Mrisho Mpoto akawa Falstaff, nilifurahi kama mtu aliyesikia habari za ndugu zake. Wanawake wawili wanapokea barua za mapenzi zinazofanana kutoka kwa mwanamume mmoja, wanazilinganisha, kisha wanamtumbukiza katika kapu la nguo chafu. Wapenzi wa tamthilia hujadili kama njama hiyo inaaminika. Mimi jikoni kwa yule mama kumenithibitishia.

Nina ugomvi mmoja na Shakespeare, hata hivyo. Bassanio anasamehewa usiku ule ule. Mistari michache ya aibu, pete inarudi kidoleni, wanaingia ndani, mshumaa unazimwa. Mimi nilikaa Kalenga siku tisa. Nilipukuchua mahindi pamoja na shemeji zangu, nikapigiwa utani hata na watoto, na mke wangu akanipikia kama mgeni, yaani vizuri mno. Siku ya nane tulikwenda pamoja kuchota maji Ruaha Mdogo, na hapo ndipo aliposema. Nilidhani atasema habari ya baba yake na heshima. Alisema, "Mwalimu, nguo ni nguo. Ungenitazama tu kabla hujampa. Ningekukubalia kwa kichwa, tungekuwa tumeitoa sisi." Nilimwambia ukumbi ulikuwa na giza, sikumwona. Akajitwisha ndoo.

Mzee hakunirudishia mgolole mwaka ule. Aliuvaa hadi alipofariki, ndipo ukaletwa kwetu, na safari hii ukawekwa mikononi mwa binti yake. Daraja nalo sikulipata mwaka ule wala uliofuata. Rafiki yangu aliyeninong'oneza alipata.

Kabla ya kuituma makala hii nilimpa mke wangu aisome, kwa kuwa nimejifunza kuuliza. Ameisoma akiwa amevaa miwani yangu. Amefuta aya moja niliyoisifu sana, ameongeza kwamba chai ya siku ile ilikuwa na tangawizi, na amekosoa jambo moja la ukweli. Anasema hakuketi safu ya tatu. Aliketi safu ya pili, karibu na taa ya karabai, na macho yetu yalikutana.