Kiungio cha Shaba

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii niliisikia tangu utotoni mtaani Jericho, Nairobi, na sikuwahi kukutana na mtu aliyeipinga isipokuwa mjomba wangu. Yeye alikuwa fundi wa ndege ndogo katika Uwanja wa Wilson, na katika kazi yake ufa hauzibwi. Kilichopasuka huondolewa, kikawekwa kingine. Matata yote yamo katika kukichagua hicho kingine, na ndiyo ninayokusudia kuyasimulia, Wanakiswahili wenzangu, kwa kuwa yalinipata nikijiona mtaalamu wa istilahi.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka 2005, nami nikiwa mwaka wa pili chuoni. Nilikuwa nimejitwika kazi ya kukusanya maneno ya mafundi na kuyatafutia visawe sanifu. Niliona fahari kwamba uwanja huo, ulioanza na kampuni ya Bi Florence Kerr Wilson mwaka 1929, ulikuwa umejaa watu waliozungumza Kiswahili kutwa kucha, na kwamba hata neno rubani lilikuwa la baharini, la mwongoza vyombo, kabla halijapaa angani. Kila jioni mjomba aliporejea, mikono ikinuka oili, nilimkalisha na kadi zangu. Alichokiita fiting'i nilikiandika kiungio. Aliposema thredi, nikaandika hesi. Alinitazama kwa upole, akanywa chai yake.

Ijumaa moja alirudi na kitu kidogo kilichofungwa katika kitambaa. Kilikuwa kiungio cha chuma cheusi, kimepinda kama kiwiko, kilichotolewa kwenye njia ya oili ya Cessna 172 ya kufundishia marubani. Njia hiyo huichukua oili ya moto kutoka kwenye injini, huipeleka kwenye kipoza-oili na kuirudisha. Mdomo wake wa koni ulikuwa umechubuka, na oili ikawa inatoka matone. Kingine kiliagizwa ng'ambo na kingechukua wiki mbili. Mwenye ndege alikuwa akipiga simu kila saa. Mjomba alikiweka juu ya kabati akaenda kulala bila kula.

Nilimwonea huruma. Asubuhi ya Jumamosi nilikitia mfukoni bila idhini, nikapanda matatu hadi mjini, nikateremkia Barabara ya Kirinyaga, ile iliyokuwa ikiitwa Grogan, kwenye maduka ya vipuri. Muuzaji aliniuliza ni cha gari gani. Nikamjibu, 'Gari tu.' Ninaisema wazi sehemu hii kwa sababu yule mtu hakunidanganya; mimi ndiye niliyemdanganya. Alinitolea kiwiko cha shaba ya manjano, king'aavu, cha ukubwa uleule. Tulichukua nati moja tukaijaribu kwenye vyote viwili. Iliingia kwa vidole vitupu, laini, hadi mwisho. Rangi nikaiona kuwa pambo tu. Nililipa bei isiyofika nauli ya wiki, nikarudi Jericho nikijiona mkombozi wa ukoo.

Mjomba hakufoka. Aliomba seti ya hesabati ya binamu yangu aliyekuwa darasa la saba, akatoa kipimapembe. Kisha akachana jalada la daftari kuukuu na kulikata pengo la pembemraba, nyuzi 90 kamili. Koni ya shaba ilikaa ndani ya pengo hilo barabara, bila mwanga kupita. Ya chuma haikukaa; ilikuwa nyembamba zaidi. Akakata pengo jingine la nyuzi 74, nayo ikatulia.

'Kila ubavu wa koni ya ndege umeinama nyuzi 37 kutoka katikati,' akasema. 'Hiki chako ni nyuzi 45. Nati haijui hayo, mwanangu. Nati inajua thredi tu.'

Alinieleza kwamba nambari ya viungio hivyo huhesabu sehemu za kumi na sita za inchi katika upana wa nje wa bomba. Chetu kilikuwa nambari 8, yaani nusu inchi. Katika nambari 6, hesi za aina hizo mbili hutofautiana, na nati ingenikatalia palepale dukani. Katika nambari 8 zinafanana: robo tatu ya inchi, mizingo 16 kwa kila inchi. Bahati yangu mbaya ilikuwa kwamba viliingiana.

Muungano wa namna hii hauna mpira wala utepe wa kuziba. Majahazi yana kalafati yake. Hapa chuma hulalia chuma uso kwa uso, na huko kulaliana ndiko kunakozuia oili inayosukumwa kwa paundi 60 hadi 90 katika kila inchi ya mraba. Pembe zikitofautiana, nyuso hugusana kwenye ukingo mwembamba tu. Ukiona inavuja utakaza zaidi, na ukikaza zaidi utapasua. Mtikiso wa injini utamalizia kazi, na bomba la moshi liko jirani, limepata moto wa kutosha kuiwasha oili. Hata rangi niliyoiona pambo ilikuwa na maana: chuma hicho hutiwa weusi, na vile vya alumini hutiwa buluu, ili fundi asiweke alumini mahali ambapo moto ukizuka ingeyeyuka mapema.

'Na ungeniletea chenye nyuzi 37, cha trekta?' akaniuliza. Nikanyamaza. 'Bado ningekikataa. Kinatakiwa kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha vipuri cha ndege yenyewe, kwa nambari yake, na kije na cheti chake. Jumatatu angeruka mwanafunzi peke yake, mpwa wangu. Wa rika lako.'

Nilikwenda uani kunawa uso. Watoto walikuwa wakirudi kutoka uwanja wa Camp Toyoyo, wakibishana juu ya bao.

Kile cha shaba nilikirudisha Jumatatu, nikamweleza muuzaji ukweli, naye akacheka kwa hofu. Cha kuagizwa kilifika baada ya siku kumi na saba. Mjomba alikilinganisha na kitabu, akasoma cheti mara mbili, akakifunga. Injini ikanguruma, ikazimwa, naye akapitisha kitambaa cheupe kuzunguka nati. Kilitoka kikiwa cheupe.

Kile cha zamani alikikata katikati kwa msumeno wa chuma ili kisirudi katika ndege yoyote, akanipa nusu. Ninayo hadi leo, na pembe ya koni yake inaonekana vizuri pale palipokatwa. Ile kadi yangu ya kiungio ilinichukua jioni mbili kuiandika upya, na nyuma yake pia ilijaa.