Mafuta ya mbono bila soda

Mazutu yakipanda bei hapa Baraka, wa kwanza kuumia ni mama anayepeleka mihogo yake kwenye mashini ya kusaga. Ndiyo maana vijana waliponiuliza kama mbono kaburi unaweza kutoa mazutu, sikucheka.

Unaweza. Ni mti ule wa kwenye ua ambao mbuzi hawaugusi. Mbegu zake zina sumu, lakini zina mafuta mengi. Na wazo hili si geni kwa Kongo. Mwaka 1937 Chavanne, wa chuo kikuu cha Brussels, alipewa hati ya uvumbuzi ya kugeuza mafuta ya mawese yawe ya injini, na mwaka 1938 basi lilitembea kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Leuven. Mawese yetu! Lakini mimi mawese nayataka kwenye sombe. Injini isigombee sufuria na watoto.

Shida ya mbono ni soda. Kwa kawaida mafuta huchanganywa na methanoli, na soda huwekwa kama kichocheo. Mbegu zikikaa sana, mafuta yake yanakuwa na asidi nyingi, na soda ikikutana na asidi hiyo inatoa sabuni. Akina mama wanaopika sabuni hapa kwetu hawahitaji kuelezwa.

Mwaka 2001 Saka na Kusdiana wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walionyesha njia isiyo na kichocheo chochote. Methanoli ikipita nyuzi 239, kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa mara 80 hivi, haiwi tena kimiminiko wala mvuke, inachanganyika na mafuta yenyewe. Wao walifika nyuzi 350, na kazi ikaisha kwa dakika nne. Asidi nayo inageuka mazutu, na maji kidogo hayaharibu kitu.

Kijana mmoja akaniambia atajaribu kwa fusti na makaa. Hapana, ndugu yangu. Fusti itapasuka, methanoli itawaka, na ukiinywa au kuivuta sana inapofusha macho. Kazi hiyo inataka chombo cha chuma kinene, na watu waliosomea mgandamizo.

Sisi tunaweza kuchuma na kukamua. Ila siku mwenye chombo hicho akija kununua mbegu, bei tukubaliane kwanza, kabla mtu hajang'oa muhogo wake kupanda mbono. Babu zetu walilazimishwa na Wabelgiji kulima pamba, na bei hawakuipanga wao.