Mkono Juu ya Mgongo wa Mnyama

Hapa kwetu Mpale mzigo huchukuliwa na punda, si farasi. Lakini Imamu Malik ametaja katika Muwatta kwamba Mtume (S.A.W.) alionekana akiupangusa uso wa farasi wake kwa nguo yake mwenyewe. Kwa hiyo nawafundisha vijana wa chuoni: jioni, mzigo ukishateremshwa, mkande punda kwa kiganja, toka shingoni, mgongoni, hata mapajani. Misuli iliyokaza hulegea, na mkono hugundua uvimbe kabla haujawa kidonda. Akilaza masikio nyuma au akikwepa, acha. Hapo pana maumivu, wala asubuhi usimtwike. Mnyama hana ulimi wa kushtaki. Basi, ewe kijana, kiganja chako na kimuulize leo, kabla hujaulizwa wewe kesho Akhera.