Mwanafunzi Anayerudi Majini

Katika vitabu vya mbinu za kufundishia ambavyo sisi wakufunzi tumevisoma na kuvifundisha, mwanafunzi hutazamwa kwa namna mbili. Ama hajui, na kazi ya mwalimu ni kumtoa katika analolijua na kumfikisha katika asilolijua. Ama anajua, na lililobaki ni mazoezi tu. Yuko wa tatu ambaye hatajwi sana, naye ni yule aliyejua, kisha akazuiwa, na sasa anarudi. Nimelazimika kumfikiria mwanafunzi wa namna hii kwa kuwa muda wa mwaka mmoja na nusu uliopita nimekuwa mimi mwenyewe, na somo langu lilikuwa kuogelea.

Nilizaliwa Matema, katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, upande wa Kyela mkoani Mbeya. Afikaye huko huiona milima ya Livingstone ikishuka moja kwa moja hadi majini, na siku ya Jumamosi huwaona akina mama wa Kikisi wakileta vyungu vyao kwa mitumbwi katika soko la Lyulilo. Mtoto wa pale hafundishwi kuogelea, kama vile asivyofundishwa kutembea. Huonekana tu siku moja kwamba anaweza. Kazi ya ukufunzi ndiyo iliyonileta Iringa, mji ulio zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya Ruaha Mdogo ni baridi na wengi wa wanachuo wangu hawajapata kuingia maji yapitayo kiuno. Hata hivyo, kila likizo nilirudi ziwani.

Ugonjwa ulianza kwa kizunguzungu nilipokuwa nikipanda kilima. Zahanati moja ilinitibu malaria mara mbili. Nyingine iliniambia kuwa nina mawazo mengi. Kisha nikaanguka darasani mbele ya wanachuo arobaini, chaki mkononi. Waliponipima mapigo hospitalini yalikuwa 36 kwa dakika, hali moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha sababu. Moyo una vyumba vya juu na vya chini, na amri ya kupiga hutoka juu ikapita kwenye njia maalumu hadi chini. Kwangu njia hiyo ilikuwa imekatika kabisa. Vyumba vya juu vilikuwa vikipiga vyema, na vile vya chini, kwa kutosikia amri, vilikuwa vikijipigia taratibu kadiri vilivyoweza. Niliwaeleza wanachuo baadaye kwamba ilikuwa kama ofisi ya mkuu wa shule inayotoa matangazo kila saa na kipaza sauti chake kimekatika waya.

Nilipelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambako niliwekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kile ambacho wagonjwa wenyewe tulikiita betri. Ni kidude kidogo cha chuma cha titani, kizito kuliko sarafu chache lakini si kwa mengi. Hukaa chini ya ngozi karibu na mfupa wa mtulinga, na nyaya zake hupita ndani ya mshipa hadi moyoni. Sikulazwa usingizi, ganzi ilitosha, nami niliwasikia wahudumu wakizungumza habari za foleni za magari. Mtu wa kwanza kuwekewa kifaa cha namna hii ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson wa Uswidi, mwaka 1958. Cha kwanza kilimfaa kwa saa chache tu. Alibadilishiwa mara nyingi, jumla vikafika 26, akaishi hadi mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 86. Habari hiyo niliisoma nikiwa bado kitandani, na sitaficha kwamba niliisoma mara nne.

Masharti yalikuwa wazi. Kwa wiki sita kiwiko cha mkono wa kushoto kisipande juu ya bega, ili nyaya zipate kushika moyoni. Wakati huohuo mkono usifungwe kabisa, kwani bega lisilotumika hukakamaa. Wanachuo walinitundikia ramani na chati. Simu niliiweka mfuko wa kulia. Kuhusu kuogelea, daktari aliniambia, "Mwalimu, maji hayaingii humo, kimezibwa. Subiri kidonda kipone kabisa, nawe mtindo huru usiuanze kabla ya miezi mitatu." Alinieleza kwamba mkono unaorushwa juu na kurudi, tena na tena kwa miaka, waweza kuusugua waya unaopita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Kupiga mbizi za kina kirefu ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa kila kifaa kina kiwango chake cha mgandamizo. Kwa ziwa ambalo kina chake hufika takriban meta 700, hilo nililikubali bila ubishi.

Basi nilikuwa na ruhusa. Miezi minne ilipotimia nikashuka Matema, nikasimama katika maji ya magoti, na sikuweza kuendelea. Mwili haukuwa umesahau chochote. Nilipolala juu ya maji miguu ilipiga yenyewe kwa mtindo wa chura. Tatizo lilikuwa masikio. Anayetia kichwa majini husikia moyo wake, nami nilikuwa nikiusikiliza kama msimamizi wa mtihani asikilizavyo minong'ono. Kila pigo nililingoja. Baada ya meta kumi nilisimama, nikashika shingo, nikahesabu. Mke wangu, aliyekuwa ufukweni, alihesabu pia, kwa kunitazama mimi na si saa. Tulikwenda hivyo siku tatu. Kwa mbinu zetu nilikuwa nikifanya yote yapasayo: nimeligawa tendo katika sehemu, nimekwenda hatua kwa hatua, nimejipima kila hatua. Na sikusogea.

Aliyenisaidia ni mjomba wangu, mvuvi, ambaye shule aliiacha darasa la nne. Siku ya nne alikuwa mtumbwini, kama meta thelathini kutoka ufukweni, akikusanya nyavu. Akaniita, "Mjomba!" (ndivyo tunavyoitana) "hebu njoo uchukue ncha ya kamba hii uwapelekee wale." Vijana walikuwa wakingoja ufukweni. Nilikwenda, nikaichukua, nikairudisha kwa mkono mmoja, huku nikiangalia isijifunge miguuni. Nilipowapa wale vijana nikatambua kuwa sikuhesabu lolote. Nilipomwuliza jioni kama alifanya makusudi, alisema kamba ilikuwa inahitajika ufukweni.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Mwezi Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliopata ujauzito, kurejea katika shule za kawaida. Vyuo vyetu, kwa maoni yangu, bado havijawaandaa vya kutosha walimu watakaowapokea. Katika mazoezi ya kufundisha nilimkuta mwanachuo wangu mmoja akihangaika na msichana wa kidato cha pili aliyerudi baada ya kujifungua. Kwa nia njema kabisa alikuwa akimpima kila siku: jaribio dogo leo, swali mbele ya darasa kesho, "unakumbuka?" kila dakika. Msichana alijibu kwa kunong'ona au hakujibu. Nilimshauri aache kumpima kwa wiki mbili, ampe kazi ambayo darasa linaihitaji kweli. Akampa kuchora ramani ya mito ya Nyanda za Juu Kusini kwa ajili ya kipindi kilichofuata. Ramani ilikuwa na makosa mawili, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyaona wenzake walipoanza kuitumia, akasimama akayarekebisha kwa sauti iliyosikika hadi nyuma.

Sidai kwamba njia hii inafaa kila mahali. Kazi ya kubuni, ambayo mwanafunzi anaona ni ya kumbembeleza, nadhani ni mbaya kuliko jaribio. Tena vipimo havina budi kuwapo. Mimi mwenyewe hurudi Dar es Salaam kwa tarehe niliyopangiwa, wakaniwekea kifaa cha kusomea kifuani, wakaona betri imetumika kiasi gani. Wameniambia itadumu miaka kadhaa, kisha ibadilishwe. Ila kipimo hicho hufanywa hospitalini, si majini.

Mtindo huru nimeuanza tena, kwa uchache. Nawaepuka mamba wa midomo ya mito kama zamani, na miezi ya Juni hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki unapolivuruga ziwa, siingii bila mtumbwi karibu. Binti yangu ana miaka saba. Anaelea kwa mgongo akihesabu hadi ishirini, lakini uso majini bado hataki kuutia, naye kwa sasa amepewa na mjomba kazi ya kuokota maboya ya nyavu yaliyokatika.