Riale Iliyokaa Kabatini

Leo nakuandikia jambo ambalo bado sijalisema madhabahuni.

Wengi wenu mnajua napenda kukusanya sarafu za zamani. Ninayoipenda zaidi ni riale ya Maria Theresa, ile ya fedha iliyotoka Austria ikawa pesa ya wafanyabiashara Uhabeshi, Uarabuni na hata pwani yetu hii. Malkia huyo alifariki 1780, lakini riale imeendelea kupigwa chapa ikiwa na mwaka uleule, 1780. Kwa hiyo mwaka hautakusaidia kitu. Ya kweli na ya bandia zote zinasema 1780.

Pima uzito kwanza. Riale halisi ina gramu 28 na nukta kidogo. Kisha angalia ukingo wake. Utakuta maandishi ya Kilatini yaliyoinuka, maana yake haki na rehema. Mghushi hushughulika sana na uso kwa sababu ndio watu hutazama. Ukingo huuacha mtupu, au unaona mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Iliyomiminwa kwenye kalibu pia huwa na vitundu vidogo kama vya sindano, na nywele za malkia hufifia. Usiitegemee sumaku peke yake, maana shaba na risasi hazishikwi nayo.

Haya yote nayajua, na nimewafundisha vijana. Lakini riale yangu mwenyewe, niliyonunua Mombasa miaka sita iliyopita, sikuwahi kuipima. Nimeiinua mbele ya kanisa nikihubiri habari za yule mwanamke aliyewasha taa kutafuta shilingi yake. Na mizani ilikuwa jikoni siku zote, mke wangu hupimia unga wa keki. Nadhani niliogopa.

Mwezi uliopita mama mmoja wa kanisa letu alikuja na riale ya nyanyake, ameifunga kwenye pindo la leso. Mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

"Pasta, nipe tu elfu moja. Mimi hata sijui ni ya nini."

Nikaipima: 28. Ukingo umelika, lakini maandishi bado yanasomeka. Mpendwa, nikiri kwamba mkono wangu ulienda mfukoni haraka sana. Halafu nikatoa yangu kabatini nizilinganishe, yeye akiwa hapo. Gramu 22. Mama akatazama namba, akanitazama mimi.

"Kwani yako ni nyepesi, Pasta?"

Nilimwambia ukweli wa zote mbili. Ile yake ina zaidi ya gramu 23 za fedha safi, na elfu moja ingekuwa wizi. Tulienda pamoja kwa sonara, akauza mwenyewe, akahesabu pesa zake mwenyewe. Karo haikutosha yote, iliyobaki tulichanga.

Ile ya gramu 22 ninayo hapa mezani ninapoandika. Jumapili hii nitaiinua tena mbele ya kanisa na kuwaambia ni nini. Niombee.