Nani Atakusainia?

Ukitaka kurusha ndege peke yako Marekani, kuna mtu lazima aweke jina lake chini ya lako. Najua hivi kwa sababu nililipwa dola chache kuiandika. Sisi wa kazi za onlaini ndivyo tulivyo: leo bima ya nyumba, kesho chakula cha paka, kesho kutwa walimu wa urubani. Klaenti hajui niko Wabera, Isiolo. Hajauliza pia kama nina digrii. Sina. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama.

Leseni yenyewe ni ya urubani wa michezo, ilianzishwa mwaka 2004 kwa wanaorusha ndege nyepesi kwa raha zao. Wa ndege za kawaida anahitaji angalau saa 20 angani, 15 na mwalimu na 5 peke yake. Hizo 5 huzigusi bila sahihi kwenye daftari lako. Mwalimu asiyekufundisha mwenyewe na kuona uko tayari haruhusiwi kusaini. Sahihi inataja aina ya ndege, na baada ya siku 90 imekufa. Mwalimu naye hutunza kumbukumbu ya aliowasainia kwa miaka 3, ili kukiharibika jambo asiseme hakujui. Hapa Kenya pia, kijana anayejifunza Wilson haruki peke yake mpaka mwalimu aidhinishe.

Nilisoma hizo sheria usiku nikihesabu bando zilizobaki, nikajikuta nawaonea wivu wanafunzi hao. Sio ndege niliyoitamani. Ni ule ushahidi: mtu aliketi kando yako, akakuona ukitua vibaya, akakuona ukitua vizuri, ndipo akaandika.

Huku kwetu kaskazini sahihi tunazijua, lakini za aina nyingine. Nilipotaka kitambulisho nilipigwa msasa na kamati ya wazee. Babu yako nani? Ukoo gani? Mlifika hapa lini? Rafiki zangu wa Nairobi waliposikia walidhani natania. Mzee mmoja aliyemjua babu alinitazama kidogo, akasema, "Huyu ni wetu." Basi. Nilimshukuru, na bado namshukuru, maana naye aliweka jina lake. Ila alichoshuhudia kilikuwa cha marehemu. Kunihusu mimi hakuwa ameona chochote. Februari 2025 Rais Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kwamba msasa huo umefutwa, na hapa mtaani wengi walishusha pumzi.

Lakini swali halikuisha. Fomu za kazi bado zinataka wadhamini watatu, watu wazito wenye mihuri. Kijana aliyeacha chuo atawatoa wapi? Anampelekea mheshimiwa fulani, anasifiwa "tabia njema, mchapakazi" na mtu ambaye hajawahi kumwona akifanya kazi hata dakika kumi.

Mwezi uliopita binti wa jirani aliniomba nimuunganishe na klaenti wangu. "Niandikie tu kitu kizuri, kaka," alisema. Angeharibu, mimi ndiye ningepoteza kazi, na kodi inalipwa na huyo huyo klaenti. Nikamwambia aje kwanza tukae. Wiki tatu tulikaa meza moja, yeye anaandika, mimi nasoma kila sentensi. Makala ya kwanza ilikuwa imenakiliwa nusu. Akaifuta yote. Ya nne sikuigusa.

Ndipo nikamwandikia klaenti: nimemsimamia wiki tatu, nimemwona akiandika makala nne za bima, ya mwisho alifanya peke yake. Mambo ya dawa sijamjaribu, usimpe bado. Binti alisoma ujumbe kwenye simu yangu, akanuna kidogo. "Si ungesema tu naweza kila kitu?"

"Nimesema nilichoona," nikamjibu, nikatuma.

Alipewa makala moja, ya bima.