Tanga la Kiasi Gani

Upepo wa bahari hufika Morogoro bila kulipa nauli. Unavuka nyanda za Pwani ukiwa umejaa unyevu, unagonga ubavu wa mashariki wa Milima ya Uluguru, unalazimika kupanda, unapoa, na kule Matombo, Tawa na Kinole unakuwa mvua. Ukifika Mgeta, ng'ambo ya vilele vinavyopita mita 2,600, umeshapungukiwa maji. Mvua ile ndiyo inayoulisha Mto Ruvu, nao Ruvu unateremka, unawanywesha watu wa Dar es Salaam njiani, kisha unaingia baharini kaskazini kidogo ya Bagamoyo. Naieleza njia hiyo kwa kirefu kwa sababu ni njia ya ukoo wangu pia. Mama ni Mluguru wa Matombo, baba alikuwa mtu wa Bagamoyo, na mimi nimekaa katikati, mjini Morogoro, nafundisha shule na kulima kidogo, huku nikijaribu kuelewa mambo mawili matatu niliyoonyeshwa na watu wa pande zote mbili wakati sikuwa tayari kuyapokea.

Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo kishamba nilicho nacho nimepewa na mjomba. Upande wa baba sikurithi kitu cha kushika mkononi. Nilichopata huko ni likizo za ujanani nilizozimaliza katika mashua ya baba mdogo, tukipeleka mbao Unguja na kurudi na chochote kilichopatikana. Alinionyesha mengi, na mengi yamenitoka. Lililobaki ni namna ya kutua tanga upepo unapozidi.

Asiyewahi kupanda mashua hudhani kutua tanga ni kuachia kamba tu. Tanga letu limefungwa kwenye foromali, na foromali yenyewe ni mti mrefu, mzito, unaoshikiliwa juu na henza inayopita kichwani mwa mlingoti na kushuka hadi nyuma. Ukiiachia henza ghafla, mti ule unakuja mzima juu ya vichwa vya watu, na kitambaa kinaangukia majini, kinakunywa maji na kuanza kuivuta mashua ubavu. Kwa hiyo kuna utaratibu. Demani, ile kamba inayolishika tanga kwa nyuma, hulegezwa kwanza, tanga likautema upepo. Nahodha anapandisha joshi, omo, yaani mbele ya chombo, inaelekea upepo unakotoka, maana upepo ukiwa nyuma tanga hujibanza kwenye mlingoti na foromali haishuki hata mkiivuta kwa meno. Ndipo henza inapoteremshwa, ikiwa imezungushwa mara moja kwenye gogo ili ipite mkononi kwa kipimo, na wengine wanakusanya kitambaa ndani kwa mikono na vifua, wanakilalia kabisa, kwa sababu upepo hautaki kukiacha. Mabaharia waliozoeana hulimaliza hilo kabla abiria hajamaliza kuuliza kuna nini.

Na sehemu kubwa ya wepesi ule imeshafanyika ufukweni. Baba mdogo alikuwa mtu wa mzaha, lakini hakuwa na mzaha na mambo machache: henza ikunjwe bila kusokotana, shehena isiwekwe juu yake, fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja hata likilowa, na demani, pale mkono unapoweza kuihimili, ishikwe na mtu, isifungwe ikaachwa. Alikuwa akiyakagua hayo bahari ikiwa shwari, tena kwa namna iliyotuchosha sisi vijana, maana tuliona anatuchelewesha.

Kuna safari moja ya kurudi kutoka Unguja, msimu wa kaskazi, upepo ukitoka nyuma. Kwa mgeni hakuna safari tamu kama hiyo. Mashua inakwenda pamoja na upepo, kwa hiyo unausikia kidogo tu shingoni. Moshi wa sigara ya baharia mmoja ulikuwa ukipaa taratibu kama tumekaa barazani. Baba mdogo hakuwa akitazama Bagamoyo. Alikuwa akigeuka kila mara kutazama maji tuliyoyaacha, mbali, ambako uso wa bahari ulikuwa umebadilika rangi, ukawa mweusi wenye madoa meupe. Akasema, "Tueni," bila hata kupaza sauti. Nilidhani anatania. Akageuza usukani, mashua ikaanza kuelekea tulikotoka, na hapo ndipo nilipoupata ule upepo uliokuwa ukitusukuma muda wote. Ulinipiga usoni, ukaondoka na kofia yangu, ukailaza mashua hadi maji yakachungulia ndani. Nami nilikuwa nimekalia henza. Yule baharia hakunigombeza. Alinisogeza kwa mguu wake, akaendelea na kazi.

Jioni, tukiwa tumekaa mchangani, baba mdogo aliniambia, "Mwanangu, upepo wa nyuma utaujua siku utakapogeuka." Miaka mingi baadaye, nikiwafundisha watoto hesabu za mwendo, nilijaribu kuiweka kauli ile ubaoni. Mashua ikienda maili 5 kwa saa mbele ya upepo wa maili 15, aliyekaa ndani anasikia upepo wa maili 10 tu. Na kwa kuwa kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili msukumo wake kwenye tanga huwa mara nne, mtu yule akisimama tu na kuukabili upepo uleule atapokea msukumo unaozidi mara mbili ya aliokuwa akiufikiria, hata kabla dhoruba yenyewe haijafika. Watoto waliona ni hesabu ya kawaida. Mimi nilikaa nayo siku nzima.

Basi nikajifanyia kanuni: mambo yakienda vizuri mno, punguza. Sikumwambia mtu, lakini niliishi nayo, na nilijiona nina busara kuliko wenzangu. Miaka ile bei ya pilipili manga ilikuwa ikipanda msimu baada ya msimu. Kule Matombo watu walikuwa wakipanda miche kwenye kila mti uliosimama. Mjomba akaniita, akanionyesha kipande cha pili, mteremko wa juu, akasema, "Mpwa wangu, hiki kilikuwa cha bibi yako, kichukue ulime." Nikakitazama, nikaukumbuka ule moshi wa sigara unaopaa taratibu, nikakataa. Nikapunguza hata kile cha kwanza. Jirani yangu hakupunguza. Bei ilipanda duniani kote hadi mwaka 2015, naye akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma na kuipaua bati. Baadaye bei ikaporomoka miaka kadhaa mfululizo, maana Vietnam, ambayo ndiyo inayozalisha pilipili manga kwa wingi kuliko nchi yoyote, ilikuwa imepanda kupita kiasi.

Hapo ningependa kusema niliibuka mshindi. Lakini jirani hakuzama. Bei ilipoanguka, nyumba ilikuwa imeshasimama na ada za watoto zimeshalipwa. Alilalamika kidogo, akaweka migomba katikati ya mipilipili, maisha yakaendelea. Mimi sikupoteza kitu, na nilipojitazama vizuri nikaona sikupata kitu pia.

Nilipokwenda Bagamoyo kumsalimia baba mdogo, alikuwa ameshaacha bahari, anakaa nje ya nyumba na redio yake. Nikamsimulia habari zile, nikitegemea, nadhani, kwamba atafurahi kuona somo lake limefika hadi milimani. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Ukatweka tena lini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu haikunijia akilini hata siku moja kwamba swali hilo lipo. Akaniambia, polepole, kwamba chombo kilichotua tanga kikabaki hivyo hakijapona. Hakisikii tena usukani, mawimbi yanakilaza ubavu, na mkondo unakipeleka kwenye miamba bila haraka. Dhoruba ya aina ile hupita. Ikipita, mtu anatweka, hata kama ni tanga dogo. Halafu akasema jambo ambalo bado nahangaika nalo: kwamba wao walijizoeza kutua upesi ili waweze kubeba tanga kubwa. Baharia asiyejua kutua ndiye anayesafiri na kitambaa kidogo maisha yake yote, kwa kuwa hajiamini. Anayejua kwamba henza iko wazi na wenzake wako tayari, huyo anaweza kuruhusu mashua ikimbie.

Nimelitazama hilo pande nyingi. Kwenye majahazi makubwa ya Ghuba, yale yaliyokuwa yakishuka na kaskazi hadi Zanzibar na kuingia Delta ya Rufiji kupakia boriti, kupunguza tanga kulimaanisha kulibadilisha: foromali inashushwa yote, tanga kubwa linafunguliwa, dogo linafungwa, foromali inapandishwa upya kwa nyimbo na jasho la watu wengi. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri njia hiyo mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, aliziona kazi za namna hiyo kwa macho yake. Watu wa vyombo vile hawakuweza kuahirisha uamuzi hadi upepo uwakute. Lakini hawakukaa bandarini pia. Walibeba matanga zaidi ya moja, wakajua lipi ni la upepo gani.

Wakati mwingine nadhani baba mdogo ananionea. Alikuwa na mabaharia waliomjua kwa kikohozi tu, na mimi nina mshahara wa mwalimu na watoto. Woga nao una sababu zake. Nikimpelekea mjomba mashaka haya, yeye huyapeleka kwingine kabisa. Hukumbuka alivyosimuliwa habari za matuta, pale serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuokoa udongo, wakachimba na mahali ambapo jembe lilitoa juu udongo usiozaa, hadi mwaka 1955 watu wakakataa hadharani na mpango ukafa. "Wale wa serikali nao walikuwa wanajihadhari," husema mjomba, "ila hawakuwa wamesimama kwenye mteremko." Simwelewi kila mara. Nadhani ananiambia kwamba nami nilifanya uamuzi wa shamba la Matombo nikiwa nimekaa Morogoro mjini, na kwamba tahadhari inayotoka mbali hufanana sana na uvivu. Au pengine anazungumzia matuta tu.

Na hapo ndipo mfano wa bahari unaponiishia, kwa sababu mpilipili hauna henza. Unaupanda chini ya mti hai, unausubiri miaka ipatayo 3 uanze kuzaa cha maana, na bei ikianguka mwaka wa nne huwezi kuuteremsha na kuukunja sitahani. Migomba ya jirani ni aina fulani ya kulegeza demani, nakubali. Lakini kwa shamba kama hili uamuzi mzito unafanyika mwanzoni kabisa, kabla mche haujagusa udongo, unapojiuliza utafunga kitambaa cha ukubwa gani. Nami swali hilo nililijibu mara moja tu, zamani, kwa kusema hapana, nikaliacha hapo.

Mjomba amenipigia simu tena. Kile kipande cha bibi kimekuwa pori, na kuna mpwa mwingine anayekiulizia. Nikamwambia ninaweza kuchukua nusu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Nusu ya juu au ya chini?" Ya juu iko karibu na msitu wa hifadhi, udongo wake mweusi lakini mvua inaukimbiza, ya chini imetulia, ila iko njiani na kila apitaye huchuma. Nikamwomba anipe hadi vuli, niende nikae siku chache niyaone maji yanavyopita pale. Akasema vuli sawa, ila nisiende tena na viatu vya mjini.